Linux nyepesi kwa mkono uliozoea Windows: Xfce, LXQt, Cinnamon na Plasma zikiwekwa pamoja

Tangu Microsoft wafunge sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 swali la Linux ipi ni nyepesi na inafanana na Windows limekuwa la kila siku, na ukiwasikiliza wanaouliza utakuta mashine zao zinafanana tu: laptopu ya miaka kadhaa, RAM 4GB, diski ya kuzunguka, inawaka vizuri, kibodi nzima, skrini haina shida, ila Windows 11 imeigomea kwa sababu inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Mtu anasikia Linux ndo mkombozi wa mashine za zamani, anaulizia, anatupiwa majina kumi kwa mpigo, kila mmoja anasifia lake, mwisho anachoka anabaki na Windows 10 yake isiyopata apdeti.

Tutenganishe vitu viwili kwanza maana vikichanganywa huko mbele hatutaelewana. Distro ni mfumo mzima unaouinstoli, kama Linux Mint, Debian, Lubuntu, MX Linux. Desktopu ni ile sehemu unayoiona na kuigusa, yaani menyu, upau wa chini wenye saa, madirisha, kifungua mafaili, setingi. Distro moja inaweza kuja na desktopu tofauti, Mint kwa mfano inatoka na Cinnamon, Xfce na MATE na ndani ni Mint ileile, programu zilezile. Kwa hiyo ukiuliza ipi nyepesi na ipi imefanana na Windows, kwa sehemu kubwa unauliza habari ya desktopu, jina la distro linafuata baadaye.

Na mazoea sio picha. Hapa ndo naona watu wengi wanapotea, wanapakua distro iliyowekewa ikoni za Windows na picha ya nyuma ya Windows, mwenye mashine anafurahi siku ya kwanza, siku ya pili anatafuta faili alilolipakua halioni, au anavuta dirisha ukingoni ligawane nusu halifanyi kitu, anaanza kulalamika kwamba Linux ngumu. Mkono wa mtu wa Windows unajua mambo machache kwa moyo: menyu iko kona ya chini kushoto na ukibonyeza kitufe cha Windows inafunguka na unaanza kuandika jina la programu hapohapo, madirisha yaliyofunguliwa yanaonekana kwenye upau, ukibofya kulia unapata chaguo, ukibofya mara mbili faili linafunguka, dirisha lina vitufe vitatu juu kulia. Desktopu ikikupa hayo, rangi utazoea. Isipokupa hayo hata ingepakwa bluu yote bado mkono utapapasa.

Kwa kipimo hicho desktopu ya GNOME naitoa mapema. Ni nzuri, wanaoipenda wana sababu zao, lakini ikija yenyewe bila kurekebishwa haina upau wa chini wala kitufe cha kupunguza dirisha, kila kitu kinapitia kwenye skrini ya muhtasari, na kwa RAM 4GB unaanza safari ukiwa tayari umechoka. Distro ya Ubuntu wao wanaiongezea upau wa pembeni kushoto na kurudisha vitufe, ya Zorin wanaenda mbali zaidi wanaipanga mpaka inakaa kama Windows kabisa na wamefanya kazi nzuri, ila kilichopo chini yake bado ni GNOME, uzito wake uko palepale. Mwenye 8GB na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) aijaribu Zorin kwa amani. Sisi hapa tuko na mashine iliyochoka.

Zinabaki nne za kulinganisha kwa kweli, Xfce, LXQt, Cinnamon na Plasma ya KDE, na mbili za kugusia tu.

Kona ya chini kushoto

Cinnamon ndo inashinda hapa bila ubishi. Ilianzishwa mwaka 2011 na watu wa Mint wenyewe baada ya GNOME kubadilika sana, lengo likiwa mtu abaki na mpangilio aliouzoea, na inaonekana: upau chini, menyu kushoto, saa kulia, ukibonyeza kitufe cha Windows menyu inaruka na unaandika. Ukivuta dirisha ukingoni linashika nusu ya skrini, ukilipeleka kwenye kona linashika robo. Mtu aliyetoka Windows 7 au 10 hana cha kuuliza.

Plasma nayo ikija yenyewe iko hivyohivyo, upau chini na menyu kushoto, na toleo la 6 lililotoka Februari 2024 limerekebisha kitu kimoja kilichokuwa kinawakera watu wa Windows kuliko vyote: zamani ukibofya faili mara moja tu linafunguka, sasa ni mara mbili kama kawaida. Lakini baadhi ya distro zilizotulia bado zina Plasma ya 5, kwa hiyo ukikuta kubofya mara moja kunafungua folda usidhani mausi imeharibika, ni setingi tu, unaibadilisha na maisha yanaendelea.

Xfce sasa hapa inategemea umeipata kwa nani, na hili halisemwi vya kutosha. Xfce ya Linux Mint inakuja na upau chini na menyu ya Whisker kushoto yenye sehemu ya kuandika, umefika nyumbani. Linux Lite hivyohivyo. Lakini Xubuntu upau wake unakaa juu, na MX Linux wanauweka wima pembeni kushoto, desktopu ni ileile Xfce lakini mtu wa Windows akiiona anashangaa. Vyote vinahamishika, MX wana hata kifaa chao kinaitwa MX Tweak cha kuhamisha upau kwa kubofya mara chache, sema kama unamuwekea mtu mwingine na wewe hutakuwepo, mpe iliyokaa sawa tangu mwanzo.

LXQt kwenye Lubuntu ina upau chini na menyu kushoto, ila ni menyu ya orodha zinazofunguka pembeni, ile ya enzi za Windows 2000 na XP. Kwa mtu mzima aliyejifunza kompyuta miaka hiyo ni raha, kwa kijana wa Windows 10 ni kama makumbusho. LXQt 2.0 ya mwaka 2024 imeleta menyu mpya ya kisasa zaidi, kwa hiyo angalia unayoipakua ina toleo gani. Kitu kingine, meneja wa madirisha ambaye Lubuntu wanamtumia anaitwa Openbox, ni mwepesi mno lakini ile ya kuvuta dirisha ukingoni ligawane nusu hana. Wengine hawaijali, wengine ndo kitu cha kwanza wanachokitafuta, we jijue uko upande gani.

Xfce ina kasoro yake ndogo inayochosha: kingo za madirisha kwenye baadhi ya mionekano ni nyembamba sana, unataka kulikuza dirisha kwa kuvuta kona unakosa, unarudi unakosa tena. Dawa ni kushika Alt halafu unavuta ukiwa umebonyeza kitufe cha kulia cha mausi popote ndani ya dirisha, ukishaijua hiyo huangalii kingo tena. Au unabadilisha muonekano wa madirisha uchague wenye kingo nene, uko kwenye setingi hapohapo.

Mafaili, na suala la fleshi

Kila desktopu ina kifungua mafaili chake: Xfce wana Thunar, LXQt wana PCManFM-Qt, Cinnamon wana Nemo, Plasma wana Dolphin. Vyote vina upande wa kushoto wenye Nyaraka, Vipakuliwa, Picha, kwa hiyo hapo mtu hapotei. Dolphin ndo chenye uwezo mkubwa kuliko vyote, Nemo kinafuata na ndo kinachofanana zaidi na cha Windows kwa mpangilio. Thunar zamani kilikuwa maskini kweli, lakini tangu Xfce 4.18 iliyotoka Desemba 2022 kimepata kugawa dirisha pande mbili, kutafuta ndani ya folda zote, na kutengua ulichofanya, yaani yale mambo matatu ambayo watu walikuwa wanaikimbia Xfce kwa ajili yake. PCManFM-Qt kinafanya kazi, kina haraka, hakina mbwembwe.

Ila kinachomsumbua mtu wa Windows kwenye mafaili hakitokani na kifungua mafaili, kipo kwenye zote nne, na ni bora umwambie kabla. Hakuna C: wala D:, fleshi inatokea pembeni kwa jina lake. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti, Ripoti.docx na ripoti.docx ni mafaili mawili yanayoweza kukaa folda moja bila kugombana. Na kubwa zaidi, fleshi. Windows 10 imewazoesha watu kuchomoa fleshi ukishaona kunakili kumekwisha, Linux inaweza kukuonyesha kimefika mwisho kumbe sehemu ya data bado iko kwenye RAM inaandikwa taratibu kwenda kwenye fleshi, ukichomoa hapo faili linakuwa bovu na lawama zote zinaenda kwa Linux. Bonyeza alama ya kutoa pembeni ya jina la fleshi, subiri ikuambie sasa unaweza kuitoa, ndo uchomoe. Hii ukimfundisha mtu siku ya kwanza umemuokolea kazi nyingi.

Uzito, hapa ndo penye maneno

Kila mtu atakutajia namba zake za RAM na kila mtu atabishana maana zinabadilika kwa distro, kwa toleo, kwa draiva ya picha, hata kwa kiasi cha RAM kilichopo, mfumo ukiona nafasi unaitumia. Kwa makadirio ya kawaida mashine ikiwa imewaka tu na haijafunguliwa kitu, LXQt inacheza kwenye nusu GB na kidogo, Xfce inapanda kidogo hapo na mara nyingi inabaki chini ya GB moja, Cinnamon na Plasma zinazunguka GB moja au zaidi kidogo. Plasma inawashangaza watu hapa, sifa yake ya zamani ilikuwa zito kama gogo na siku hizi haiko mbali na Cinnamon.

Sasa chukua hizo namba halafu fungua brauza, weka video moja, barua pepe, na vichupo vitano sita. Brauza peke yake inakula kuliko desktopu yoyote kati ya hizi. Ukihama kutoka Cinnamon kwenda LXQt unaokoa MB mia kadhaa, kwenye mashine ya 2GB huo ni uhai, kwenye 4GB unausikia kidogo, kwenye 8GB huoni kitu. Ndo maana simuelewi mtu mwenye 8GB anayejitesa na desktopu ya kubana matumizi ambayo haipendi eti kwa sababu imeandikwa ni nyepesi, halafu anafungua vichupo arobaini.

RAM sio uzito peke yake lakini. Cinnamon na Plasma zinachora skrini kwa kutumia kadi ya picha, kama kadi ni ya zamani sana au draiva haijakaa vizuri kazi yote inaangukia kwenye prosesa, na hapo hata ukiwa na RAM ya kutosha utaona madirisha yanajikokota na feni inapiga kelele. Xfce ina kitufe cha kuzima madoido yote ya kuchora, unazima na mashine inapumua. LXQt na Openbox hayo madoido haiyategemei kabisa. Kwa hiyo kwenye laptopu yenye prosesa dhaifu, zile Atom na Celeron za zamani, mimi naangalia hilo kabla hata ya kuangalia RAM.

Na diski. Hili nalisema na kulirudia mpaka watu wanachoka kunisikia: mashine yenye diski ya kuzunguka ukiitoa ukaweka SSD utapata mabadiliko makubwa kuliko kubadilisha desktopu yoyote kwenda yoyote. Kama haiwezekani kwa sasa basi kwenye Plasma zima kile kinachoorodhesha mafaili kwa ajili ya kutafuta, kinaitwa Baloo, kiko kwenye setingi za utafutaji, maana kwenye diski ya kuzunguka kikianza kazi yake utadhani mashine imekufa. Na kwenye mashine ya 2GB au 4GB washa zram, inabana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kukimbilia diski, inasaidia sana brauza isiue mashine nzima.

Kuna jambo moja la Ubuntu na ndugu zake wa karibu kama Lubuntu na Xubuntu, Firefox yao inakuja kama snap (kifurushi kilichofungwa pamoja na vyote programu inavyohitaji), na snap kwenye mashine dhaifu mara ya kwanza kuifungua baada ya kuwasha unaweza ukaenda kunywa maji ukarudi. Mint wameitoa snap wakaweka Firefox ya kawaida. Ni jambo dogo kwenye karatasi, ila kwa mtumiaji ambaye kompyuta kwake maana yake ni brauza, hiyo ndo kasi anayoiona, hajui na hana haja ya kujua upau wake unakula MB ngapi.

Setingi

Cinnamon setingi zote ziko kwenye dirisha moja lenye mafungu yanayoeleweka, unakaribia kufanana na Control Panel ya zamani. Xfce nayo ina dirisha moja la setingi, lina sura ya kizamani lakini vitu viko pale. Plasma ina kila kitu, na hapo ndo tatizo, unaweza kubadilisha mpaka kivuli cha kivuli, mtu mdadisi atafurahi na mtu ambaye hajui anachokigusa atajikuta amefuta upau wa chini hajui umeenda wapi. LXQt setingi zake ni vidirisha vidogo vidogo vilivyotawanyika, unabadilisha muonekano unashangaa juu ya madirisha hapajabadilika, kumbe ule mstari wa juu ni wa Openbox na una setingi zake peke yake. Kwa mtu atakayewekewa na asiguse tena haina shida, kwa mtu anayependa kupangapanga itamchosha.

Skrini zenye nukta nyingi, zile ambazo maandishi yanatoka madogo mno, hapo Plasma iko mbele, unachagua asilimia 125 au 150 na inakaa. Cinnamon inaweza pia. Xfce inajua vizuri moja au mbili, katikati hapo unaanza kuhangaika na ukubwa wa fonti. Lakini laptopu nyingi za zamani ni 1366 kwa 768, hizo ziko salama kwenye zote.

Apdeti na umri wa sapoti

Hapa ni distro inayoongea. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na sapoti yake inafika 2029, ya Cinnamon, ya Xfce, ya MATE, zote sawa. Lubuntu na Xubuntu za LTS (matoleo ya sapoti ndefu) zinapewa miaka 3. Kwa mtu anayejua kuapdeti toleo hilo sio tatizo, kwa mtu uliyemuwekea na mnaonana mara moja kwa mwaka tofauti ya miaka miwili ni kubwa sana. Mint pia wana Timeshift, inapiga nakala ya mfumo kwa ratiba ili apdeti ikiharibu kitu unarudi nyuma, ila lazima uipange mwenyewe mara ya kwanza, haijipangi. Na meneja wa apdeti wa Mint hamlazimishi mtu kuwasha upya katikati ya kazi, kwa waliotoka Windows hiyo peke yake inatosha kuwafanya wabaki.

Programu ambazo hazijali umechagua desktopu gani

Kama kazi yako inategemea Photoshop au Excel yenye makro nzitonzito, hakuna desktopu kati ya hizi itakayokusaidia, Microsoft Office na programu za Adobe hazina toleo la Linux, Wine inaendesha baadhi ya programu za Windows na nyingine inazikataa, usiahidi mtu kitu hujakijaribu. Bakisha Windows pembeni au usihame. Kwa barua, ripoti na hesabu za kawaida LibreOffice ipo tayari kwenye Mint zote, na ukiingia kwenye menyu ya kuangalia unaweza kuibadilisha muonekano iwe ya vichupo kama Word. OnlyOffice inafanana na Word zaidi, ukimuwekea mtu wa ofisi halalamiki sana. Hakikisha na fonti, Calibri haipo kwenye Linux kwa sababu ni mali ya Microsoft, kuna mbadala inaitwa Carlito yenye upana uleule wa herufi, ikiwepo kurasa hazihamihami, isipokuwepo barua ya ukurasa mmoja inakuwa ya ukurasa na robo na mtu anadhani programu ni mbovu.

Zile mbili za kugusia

MATE ni GNOME 2 iliyookolewa mwaka 2011, uzito wake uko karibu na Xfce, tabia yake ni ya utulivu, na kwenye Ubuntu MATE kuna chaguo la mpangilio linaloitwa Redmond, jina la mji yaliko makao makuu ya Microsoft, ukilibofya upau unahamia chini. Ni nzuri, ila sioni inachokupa ambacho Xfce ya Mint haikupi, kwa hiyo kama huna mapenzi nayo ya zamani ipite.

Q4OS yenye desktopu ya Trinity ni kitu kingine. Trinity imetokana na KDE 3.5, inaonekana kama Windows XP, na kwa mashine zilizochoka kweli kweli inakwenda. Muonekano wake utamkimbiza kijana lakini mzee aliyejifunza kwenye XP utamuona anatabasamu.

Mashine za zamani sana zenye prosesa za biti 32 hizo sitaki kukudanganya, mlango unafungwa. Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kiinstola cha biti 32, Chrome iliachana na Linux ya biti 32 tangu 2016, na Firefox nao wamesimama kwenye toleo la 144. Distro ya antiX bado inazihudumia, mashine itawaka na utaandika barua, lakini kuitumia kwa intaneti ya leo ni mateso.

Sasa uchukue ipi

RAM 2GB, au prosesa dhaifu sana: Lubuntu, na ukubali kwamba vichupo vitatu ndo mwisho. RAM 4GB, na hapa ndo wengi walipo, mimi naweka Mint ya Xfce bila kufikiria mara mbili, sio kwa sababu ndo nyepesi kupita zote, LXQt inaishinda kwa wepesi, ni kwa sababu tofauti ya wepesi hapo ni ndogo na tofauti ya raha ni kubwa, dirisha linagawanyika nusu, menyu unaandika, sapoti ndefu, Firefox inafunguka mapema. RAM 4GB ila ina SSD na kadi ya picha sio ya kizamani sana, jaribu Cinnamon kwanza, ikikokota rudi Xfce, ni Mint zote hutakuwa umejifunza kitu kipya. RAM 8GB Cinnamon moja kwa moja kwa mtu asiyetaka kusumbuliwa, Plasma kwa anayependa kuchezea setingi au mwenye skrini ya nukta nyingi.

Atatokea mtu akuambie instoli desktopu mbili tatu juu ya distro moja halafu uchague wakati wa kuingia. Inawezekana, lakini kwa mgeni usifanye, utakuta vifungua mafaili vitatu, setingi mbili za skrini zinazogombana, menyu imejaa vitu vinavyojirudia.

Cha kufanya ni fleshi moja ya 16GB, weka Ventoy (programu ya kuifanya fleshi iwashe mashine), nakili humo ISO (faili la kuinstolia) ya Mint Xfce, ya Mint Cinnamon na ya Lubuntu, zote tatu zinakaa pamoja na ukiwasha mashine kwa fleshi inakuuliza unataka ipi. Unaijaribu bila kugusa diski. Usiipime kwa kasi ya kufungua maana inasoma kutoka kwenye fleshi, itakuwa nzito kuliko ilivyo, we angalia wai-fai inaonekana, sauti inatoka, mwanga wa skrini unapanda na kushuka, ukifunga kifuniko ukafungua inaamka, printa inaonekana. Wai-fai za Broadcom ndo zenye kawaida ya kugoma, nyingi zinakubali ukiunganisha intaneti kwa waya au kwa simu kupitia USB halafu ufungue meneja wa draiva wa Mint. Halafu mkabidhi atakayeitumia, usimuelekeze, mwambie aandike barua aiweke kwenye fleshi nyingine aitoe, na wewe uangalie mkono wake unasita wapi.

Ikikubali na unataka kuiweka pembeni ya Windows, nakili mafaili yako sehemu nyingine kwanza, zima Fast Startup (ile inayoifanya Windows isizimike kabisa ili iwake haraka) ndani ya Windows maana ikiachwa Linux itafungua ile diski ya Windows kwa kusoma tu bila kuandika, na kama BitLocker (inayofunga diski kwa ufunguo wa siri) imewashwa hakikisha una ule ufunguo wa kurejesha umeandikwa mahali kabla hujagusa sehemu za diski.